Mawe ya Ngome ni ya Nani?

Yafaa tuanze kwa swali ambalo si la Uingereza peke yake, ingawa mfano wetu tumeutoa huko. Mtu akikuta mawe yaliyochongwa vizuri, yamelala porini bila mwenyewe, naye hana nyumba, je, amekosa akiyachukua akajengea? Na yule anayemzuia, akisema mawe hayo ni ya kale wala hayaguswi, ameipata wapi haki hiyo? Watu hujibu upesi. Waliosoma husema ni lazima mambo ya kale yahifadhiwe. Wenye shida husema mawe hayaliwi, na afadhali yamsitiri aliye hai. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili ni mepesi mno, na twapenda kuwaeleza sababu zetu kwa mfano wa ngome moja ya Warumi iitwayo Housesteads, iliyoko kaskazini ya Uingereza katika mkoa wa Northumberland, ambayo tulijaliwa kuitembelea pamoja na wenyeji wetu wa kanisa la huko.

Kwanza tueleze jinsi ilivyo. Kaisari Hadrian alifika Uingereza mwaka 122 baada ya Kristo, na katika siku zake ukajengwa ukuta wa kuikata nchi kutoka bahari ya mashariki hadi bahari ya magharibi, mwendo wa maili 73, yaani kilomita 117 hivi. Waliojenga ni askari wenyewe wa majeshi makubwa matatu, siyo watumwa kama wengi wanavyodhani. Kila maili moja ya Kirumi waliweka kiboma kidogo chenye lango, na kati ya kiboma na kiboma minara miwili. Kisha, kazi ikiwa imekwisha kuanza, mpango ukabadilishwa, na ngome kubwa zikaongezwa palepale kwenye mstari wa ukuta. Housesteads ni mojawapo ya hizo. Mpaka leo mgeni huonyeshwa msingi wa mnara uliobomolewa ili kuipisha ngome. Hata Warumi basi walibomoa kazi yao wenyewe kabla haijapata umri.

Ngome yenyewe ina eneo la ekari tano hivi, nayo imekaa juu ya mgongo wa mwamba mweusi ambao upande wa kaskazini hushuka ghafla. Upepo wake si wa mchezo. Kwa muda mrefu kikosi kilichokaa hapo kilikuwa cha Watungri, watu wapatao 800, ambao asili yao ni sehemu ambazo leo ziko Ubelgiji. Waliongozwa na maakida, kile cheo kilekile tunachokisoma katika Injili habari za yule akida wa Kapernaumu. Watungri hawa hawakuwa Warumi kwa kuzaliwa. Nchi yao wenyewe ilikuwa imekwisha kutwaliwa na Rumi tangu zamani, na sasa walitumwa ng'ambo kulinda nchi nyingine iliyotwaliwa. Msomaji ambaye babu yake alivaa sare ya K.A.R. atalielewa jambo hilo bila maelezo.

Mgeni anapoingia haoni jumba wala mnara. Huona misingi tu, mahali pengi ikifika magotini, penginepo kifuani, na katikati yake majani mafupi yanayoliwa na kondoo. Lakini akiwa na subira ataanza kusoma. Langoni, mawe ya kizingiti yamechimbika mifereji kwa kupitiwa na magurudumu ya magari ya kukokotwa. Ghala la nafaka limeinuliwa juu ya nguzo fupi fupi za mawe ili hewa ipite chini ya sakafu, kwa sababu ileile inayotufanya sisi tuinue vihenge vyetu: unyevu na panya. Hapana chemchemi ndani ya ngome, kwa hiyo maji ya mvua yalikingwa katika matangi ya mawe. Na kwenye pembe ya chini kabisa viko vyoo vya askari, ambavyo wanafunzi wote hukimbilia kwanza kabla ya kitu kingine. Humo askari waliketi mstari juu ya mbao, chini yao ukipita mfereji mrefu wa maji, na mbele ya miguu yao mfereji mdogo wa kuoshea sifongo walizojifutia. Kila mwalimu aliyepata kusimamia ujenzi wa vyoo vya shule atakaa hapo kwa dakika kadhaa akitafakari.

Basi swali la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza ni hili: kuta zimekwenda wapi? Beda, yule mtawa wa Jarrow aliyemaliza kuandika historia ya kanisa la Waingereza mwaka 731, aliueleza ukuta huo kuwa na upana wa futi nane na kimo cha futi kumi na mbili. Hakuna tetemeko lililouangusha. Watu waliuchukua, jiwe moja moja, kwa muda wa zaidi ya miaka elfu. Wakulima walijengea nyumba zao, na mazizi, na zile kuta za mawe matupu zinazotenga shamba na shamba. Baada ya uasi wa mwaka 1745, ambapo jeshi la serikali lilikwama Newcastle lisiweze kuvuka upande wa Carlisle kwa ubovu wa njia, ilijengwa barabara ya kijeshi, na kwa maili nyingi wajenzi waliulaza ukuta chini wakaufanya kuwa msingi wa barabara. Magari hupita juu yake mpaka leo.

Nao wa kwanza kuchukua kwa wingi, tuseme kweli, walikuwamo watu wa kanisa. Mnamo mwaka 674 Askofu Wilfrid alianza kujenga kanisa la Hexham, maili chache kusini ya ukuta. Mawe yake mengi yalitoka katika mji wa Kirumi wa Corbridge ulio jirani. Kanisa la juu limebadilika mara nyingi, ila chumba cha chini, alichokijenga Wilfrid, kingalipo, na mtu akishuka ngazi zake nyembamba huona kutani alama za patasi za Warumi. Jiwe mojawapo humo lina maandishi yanayomtaja Kaisari Septimius Severus na wanawe. Huyu Severus alikuwa mtu wa Afrika ya Kaskazini, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, aliyefika Uingereza kupigana na makabila ya kaskazini akafia York mwaka 211. Mwaka huohuo mwanawe Caracalla akamwua ndugu yake Geta, kisha akaamuru jina la Geta lifutwe katika kila jiwe la dola. Katika lile jiwe la Hexham mahali pa jina la Geta pamechongolewa. Wajenzi wa Wilfrid hawakujali. Walitaka jiwe bapa la kufaa, wakalipata.

Juu, ndani ya kanisa, limesimama jiwe jingine, la kaburi, lililovumbuliwa mwaka 1881 katika misingi. Ni la Flavinus, kijana mpanda farasi aliyebeba bendera ya kikosi chake, aliyekufa akiwa na umri wa miaka 25 baada ya kutumika miaka 7. Amechongwa akiwa juu ya farasi, na chini ya kwato amejikunyata mtu wa nchi hiyo, uchi, nywele timtim. Tulisimama mbele ya jiwe hilo kwa muda mrefu kuliko tulivyosimama mahali pengine popote katika safari ile. Watu wanapita hapo wakienda ibadani, na yule mtu amelala chini ya farasi kwa miaka karibu elfu mbili.

Je, Wilfrid alikosa? Sisi hatuwezi kumhesabia kosa. Mji ule ulikuwa umeachwa, wenyewe wamekwenda zao, na mawe yalikuwa yamekwisha kuchongwa. Hatujasikia mtu yeyote mwenye akili akidai kanisa la Hexham libomolewe ili mawe yarudishwe Corbridge. Tena lazima tukumbuke jambo moja ambalo wapenzi wa mambo ya kale hawapendi kulisema: kama jiwe la Flavinus lisingetupwa katika msingi wa kanisa, huenda lingesagwa likawa kokoto za barabara. Kutumiwa kumeliokoa. Vivyo hivyo hapo Housesteads. Katika karne ya 16 na ya 17 ngome hiyo ilikuwa maskani ya wezi wa mifugo, na msomi William Camden alipopita sehemu hizo mwaka 1599 hakuthubutu kuifikia kwa kuwaogopa. Watu wa mipakani wa nyakati hizo walijenga nyumba imara kwenye lango la kusini, na tanuri la kukaushia nafaka ndani ya lango lenyewe. Misingi ya nyumba ile ingalipo, ikiegemea kazi ya Warumi. Nayo pia sasa ni ya kale, nayo pia inatunzwa. Kama ingefagiliwa ili kumfurahisha mgeni anayetaka kuona Rumi tupu, sisi tungesema hilo ni kosa kubwa kuliko la Wilfrid, maana Wilfrid alijenga kitu.

Aliyegeuza mambo alikuwa mtu mmoja tajiri, John Clayton, aliyezaliwa mwaka 1792 akafa mwaka 1890. Alikuwa wakili na karani mkuu wa mji wa Newcastle. Baba yake alikuwa na nyumba na bustani pale Chesters, penye ngome nyingine ya ukuta, naye alifukia mabaki ya ngome ili apate uwanja laini wa majani mbele ya nyumba. Mwana, alipourithi uwanja, akaufukua. Kisha, alipoona wakulima wakiendelea kubeba mawe, akaanza kununua mashamba yenye ukuta, moja baada ya jingine, hata akawa na ngome tano, pamoja na Housesteads aliyoinunua mwaka 1838. Ukuta ulioanguka katika mashamba yake aliwaamuru watu wake wauinue tena kwa mawe yaleyale, bila chokaa, na juu wakaufunika kwa udongo wenye majani. Vipande vya ukuta wanavyopenda wageni kuvipiga picha, vikipanda na kushuka juu ya miamba, vingi ni vya mkono wa watu wa Clayton.

Hapa twaona mambo mawili. Kwanza, Clayton hakumnyang'anya mtu; alilipa. Lakini ni mwenye fedha peke yake awezaye kuhifadhi kwa njia hiyo. Mkulima aliyechukua mawe kujengea zizi hakuwa mwovu kuliko Clayton. Alikuwa maskini kuliko yeye, basi. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mara nyingi mazungumzo ya kuhifadhi huendeshwa na wenye shibe. Pili, kilichohifadhiwa kwa mali ya mtu mmoja hakina mlinzi wa kudumu. Mwaka 1929 mali ile ya ukoo wa Clayton ilipigwa mnada, na ni mwaka uliofuata tu ndipo Housesteads ilipokabidhiwa kwa shirika la National Trust, liitunze kwa niaba ya wote.

Katika mwaka huohuo wa 1930 ulizuka mgogoro ambao twaona ndio kiini cha swali letu. Ule mwamba mweusi wa chini ya ukuta ni mgumu sana na wafaa kwa barabara. Mahali pengine machimbo yalikuwa yamekwisha kuumeza pamoja na ukuta uliokuwa juu yake: pale Cawfields na Walltown mgeni hufika ukingoni akaona ukuta umekatika na mbele ni shimo. Ukaja mpango wa kufungua machimbo mengine, wakati ambapo kazi zilikuwa haba na watu wa sehemu zile walikuwa wakikaa bila ajira. Wasomi walipiga kelele, na mwaka 1931 Bunge likatunga sheria mpya iliyoipa serikali uwezo wa kulinda hata ardhi inayozunguka mambo ya kale, siyo mawe yenyewe tu.

Tusiharakishe kuwashangilia wasomi. Baba mwenye watoto, asiye na mshahara, akiambiwa kwamba kazi haitakuja kwa sababu ya ukuta wa Kaisari fulani, ana haki ya kukasirika. Kama kuna jibu la kumpa, haliwezi kuwa kwamba mawe ni mazuri. Haliwezi pia kuwa kwamba watalii wataleta fedha, ingawa ni kweli walizileta baadaye, maana kitu kinacholindwa kwa ajili ya fedha kitauzwa siku fedha nyingine zitakapozidi. Lazima liwe jibu ambalo hata mwenye njaa, akilitafakari, angekiri kwamba lina uzito, japo halimshibishi.

Tuliporudi nyumbani, mzee mmoja wa kanisa letu alituuliza neno lililotusaidia kulitafuta jibu hilo. Alisema, "Mwalimu, hao Waingereza hawaoni haya kutunza boma la watu waliowatawala?" Watu waliokuwapo walicheka, lakini yeye hakuwa akitania. Tunayo maboma ya Wajerumani katika miji yetu, na mzee huyo alikuwa na mawazo yake juu yake.

Tulimjibu kwanza yaliyo mepesi: kwamba ni zamani sana, na kwamba wengi wa Waingereza wa leo wana asili pia kwa makabila yaliyovuka bahari baada ya Rumi kuondoka. Mzee hakuridhika, na haki alikuwa nayo. Ndipo tukamweleza habari za Vindolanda.

Vindolanda ni ngome nyingine, maili moja hivi kusini ya ukuta, tena ni ya zamani kuliko ukuta wenyewe. Huko ngome tisa zilijengwa moja juu ya nyingine, na kila mara ya mbao ilipobomolewa ilifunikwa kwa udongo mzito. Chini huko hewa haiingii, kwa hiyo vitu havikuoza: ngozi, mbao, nguo, viatu kwa maelfu. Mwaka 1973 wachimbuzi walipata vipande vyembamba vya mbao, vyembamba kama kadi ya posta, vyenye maandishi ya wino. Zilikuwa barua na hesabu za watu wa ngome, za miaka inayokaribia 100 baada ya Kristo. Zaidi ya elfu moja zimepatikana tangu hapo. Moja ni ya bibi aitwaye Claudia Severa akimwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina, mke wa mkuu wa ngome, aje kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake. Karani ameiandika, lakini maneno ya salamu ya mwisho ameyaandika bibi mwenyewe kwa mwandiko wake usio mzuri sana. Nyingine inataja soksi na nguo za ndani alizopelekewa askari. Hizo ndizo husimuliwa zaidi, kwa kuwa zinapendeza.

Lakini ziko nyingine. Iko barua ya mfanyabiashara, mtu wa ng'ambo, aliyepigwa viboko mpaka damu na askari, naye anamlilia mkuu wa nchi kwamba hana hatia na kwamba wakubwa wa hapo hawakumsikiliza. Iko karatasi ya ubao inayowataja wenyeji wa nchi kwa neno la dharau, tuseme vijitu vya Kibritania. Na mwaka 2010, chini ya sakafu ya chumba cha askari, yalipatikana mifupa ya mtoto wa miaka 8 au 10 hivi, aliyefichwa shimoni badala ya kuzikwa nje ya makao kama sheria ya Kirumi ilivyotaka. Vipimo vya meno vilionyesha kwamba alikulia mbali sana, upande wa Mediterania. Aliyemficha hakutegemea kwamba angeonekana. Hapo Housesteads pia, katika nyumba mojawapo nje ya lango, waligundua chini ya sakafu mifupa ya watu wawili, mmoja akiwa na ncha ya kisu kati ya mbavu zake.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe boma lenyewe linawashitaki." Sisi hatukuweza kulisema vizuri kuliko yeye. Warumi walijenga ngome ili itangaze nguvu zao, na juu ya malango yake walichonga majina ya Makaisari. Miaka elfu mbili baadaye, ngome ileile, ikitunzwa na kuchunguzwa kwa uaminifu, imetoa ushahidi wa mtu aliyepigwa na mtoto aliyefichwa, ambao hakuna Mrumi aliyefikiri kuuandika katika kitabu. Wenye nguvu waliacha vitabu. Wanyonge waliacha viatu, mifupa, na barua moja ya malalamiko iliyotupwa jalalani. Ukilibeba jiwe ukajengea zizi, hujamwibia Kaisari kitu. Huenda umemnyima shahidi yule asiye na mwingine. Hilo ndilo jibu ambalo sisi tungethubutu kumpa yule baba asiye na kazi wa mwaka 1930, tukijua kwamba naye alikuwa mnyonge, na kwamba jibu lenyewe linamdai zaidi kuliko lilivyomdai wakili wa Newcastle.

Lakini jibu hilo linamfunga pia mtunzaji. Kama ngome ni shahidi, basi yampasa mtunzaji asimfundishe shahidi maneno. Hapa tuna neno la kulalamika. Majani yaliyokatwa vizuri husamehe mengi. Pale Housesteads mtu aweza kutembea saa nzima katika usafi ule, akasoma habari za vyoo na za sakafu zilizopashwa moto katika nyumba ya mkuu wa ngome, akaondoka akiamini kwamba Warumi walikuwa watu wa bafu tu. Kuna kudanganya kwa maneno, na kuna kudanganya kwa bustani. Ndiyo maana hata lile jambo la chokaa, ambalo laonekana dogo, si dogo. Baada ya siku za Clayton mafundi wa serikali waliacha desturi yake ya kuinua upya. Wao walishika kila jiwe pale lilipokutwa, wakalifunga kwa chokaa, wasiongeze kimo. Ukuta wao haupendezi kama wa Clayton. Lakini mgeni akiuona anajua kilichobaki ni hiki, na kilichopotea kimepotea. Sisi twaupenda huo zaidi, ingawa wenzetu wengi tuliokuwa nao walipiga picha ule mwingine.

Tena mchimbaji mwenyewe ni mharibifu. Udongo ukishafukuliwa haurudi kama ulivyokuwa. Ni kama kitabu ambacho kila ukurasa huungua mara tu usomwapo, kwa hiyo asiyeandika alichosoma amekiua. Mali bila daftari hupotea bila habari, nao wachimbaji wengi wa zamani, Clayton akiwamo, waliandika kidogo mno. Kwa sababu hiyo wataalamu wa sasa kwa desturi huacha sehemu kubwa bila kuiguza, wakiwaachia watakaokuja na vyombo bora na pengine busara zaidi. Twaona hiyo ni adabu njema. Ni mara chache kizazi kimoja kukiri kwamba wajukuu watajua zaidi.

Ila sasa hata adabu hiyo imeingia mashakani. Magharibi ya Vindolanda iko ngome iitwayo Magna, ambayo karibu yote ilikuwa bado chini ya ardhi. Udongo wake mweusi wa kinamasi, uliotunza vitu kwa kukosa hewa, umeanza kukauka kwa kuwa hali ya hewa inabadilika. Ukikauka, hewa itaingia, na ngozi na mbao vitaoza kimya kimya pasipo mtu kuviona. Mwaka 2023 shirika la Vindolanda lilianza kuchimba huko kwa mpango wa miaka mitano. Kuacha, ambako kulikuwa ndiko kutunza, kumekuwa namna ya kupoteza. Hatujui mfano mwingine ulio wazi hivyo wa jambo ambalo waalimu wa maadili hulisema kwa maneno magumu, kwamba wajibu uleule waweza kukutaka leo ufanye kinyume cha jana.

Neno la kando kidogo. Maili mbili hivi kutoka Housesteads palikuwa na mti mmoja uliosimama peke yake bondeni, ukuta ukipanda kila upande. Kwa Kiingereza jina lake lafanana na mkuyu, lakini si mkuyu wa Zakayo, ni mti mwingine kabisa, wala haukupandwa na Mrumi. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2023 watu wawili waliukata kwa msumeno wa mashine, ukaangukia ukuta, na mwaka 2025 walifungwa gerezani. Nchi nzima ililia. Watu walioapita hapo wakachumbiana, au wakatawanya majivu ya wazazi wao, walilia zaidi kuliko walivyopata kulia kwa ajili ya jiwe lolote la Hadrian. Sisi hatuwacheki. Mti ule ulikuwa hai, nao walikuwa hai pamoja nao.

Kwa msomaji atakayejaliwa kufika huko: wakati wa kiangazi liko basi lipitalo ngome hizo, nalo limepewa namba AD122, kwa heshima ya mwaka wa Hadrian. Achukue koti hata kama Newcastle kuna jua. Kutoka mahali pa kuegesha magari hadi ngomeni ni mwendo wa kupanda mlima, na wazee wapumzike njiani bila haya. Asipande juu ya ukuta, hata akiona wengine wamepanda. Na kama atafuata ile njia ya miguu iliyofunguliwa mwaka 2003, ambayo huandamana na ukuta kutoka pwani hadi pwani, atasikia wenyeji wakimwomba jambo ambalo litamshangaza mtu aliyezoea njia za shambani: wageni wasifuatane mmoja nyuma ya mwingine, bali watembee sambamba, wametawanyika juu ya majani. Miguu mingi ikikanyaga mstari mmoja huchimba mtaro, mvua hushuka katika mtaro huo, na chini yake, katika udongo ambao haujafunguliwa na mtu, kuna mambo yaliyolala.